Chane Arobaini na Nane

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Zulmira alikaa na mama yake mlangoni wakachambua ukindu. Mama alipasua majani kwa ncha ya kisu, naye Zulmira akapanga chane, vile vipande vyembamba vya kusukia, nyeupe huku, zilizotiwa rangi ya zambarau kule. Kazi hiyo aliijua tangu akiwa na miaka mitano, na sasa alikuwa na kumi na miwili. Aliinamisha kichwa mpaka pua ikakaribia kugusa ukindu, na vidole vyake vikahesabu vyenyewe. Mama yake, Hortência, alisuka sipatsi, ile mikoba midogo yenye mapambo ambayo wanawake wa wilaya yao ya Morrumbene huipeleka soko la mji wa Maxixe. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mgongo ulimuuma, na kuzungumza kulimchosha.

"Nenda sasa, jua limepanda," alimwambia kila siku, na kila siku Zulmira aliinuka akiwa amekwisha kuchoka.

Darasa lao la sita lilikuwa na wanafunzi sitini na wanane na vitabu vya hesabu kumi na kimoja. Mwalimu wao, Bi Savanguane, alifundisha zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana, na ikifika saa nne miguu yake ilikuwa imevimba. Saa hiyo hiyo kichwa cha Zulmira kilianza kugonga. Alikaa dawati la nyuma pamoja na Benilde, mtoto wa jirani. Kutoka pale, ubao aliuona kama ukuta uliojaa moshi. Alidhani kila mtu anauona hivyo, ila wenzake wana akili ya kusoma ndani ya moshi na yeye hana. Basi akawa anaangalia daftari la Benilde na kunakili.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka siku ya jaribio la kugawanya, ambalo maswali yake yaliandikwa ubaoni. Mwalimu aliporudisha karatasi, aliwasimamisha wote wawili.

"Majibu kumi yanafanana," alisema. "Hata makosa mawili yanafanana. Sifuri kwa wote."

"Mwalimu, mimi sikunakili," Benilde alisema.

Mwalimu akamgeukia Zulmira. "Nani alinakili?"

Zulmira alitazama dawati. Angeweza kusema. Lakini kichwa kilimuuma, na kunyamaza kulikuwa rahisi zaidi. "Sijui, Mwalimu."

Njiani kurudi nyumbani Benilde hakumsemesha mpaka walipofika njia panda. "Umenipatia sifuri, halafu ukakaa kimya," alimwambia. "Kuanzia kesho usiangalie kwangu." Na kesho yake aliweka mfuko wake katikati ya dawati, ukawa kama ukuta.

Katika majaribio mawili yaliyofuata Zulmira alipata sifuri, kisha moja kati ya kumi. Mama aliitwa shuleni.

"Binti yako analala huku macho yakiwa wazi," Mwalimu alimwambia. "Kwa hali hii atarudia darasa."

Jioni ile Hortência aliendelea kusuka bila kuinua uso. "Mwaka wa kurudia, mwanangu, mimi sina nguvu nao. Wakikurudisha, utakaa hapa tusuke." Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, na hilo lilimuumiza Zulmira kuliko kufokewa.

Wiki iliyofuata, siku ya Alhamisi, Mwalimu aliingia darasani akiwa na fungu la chane kwapani na mkoba mmoja uliosukwa nusu. Alivitua mezani.

"Wiki tatu nawafundisha kugawanya kwa chaki," alisema. "Ninyi mmechoka, nami nimechoka. Leo ubao tuuache. Mkoba huu una chane arobaini na nane kuzunguka. Nataka pambo litoke hapa, lizunguke, likutane na mwanzo wake bila kukatika. Kuna pambo la chane tano, la sita, la saba na la nane. Yapi yatakutana? Kaeni chini, chukueni chane, mjaribu."

Madawati yalisukumwa, kelele zikapanda. Katika kundi la Zulmira, kijana mmoja aitwaye Atanásio alianza na pambo la saba kwa sababu lilimpendeza.

"Usijisumbue, hilo litakatika," Zulmira alimwambia.

"Umejuaje, na hata hujagusa chane?"

"Saba zinaingia mara sita, zinabaki sita. Pambo la mwisho litapungukiwa chane moja. La tano nalo litabakisha tatu. La sita linaingia mara nane, la nane mara sita, hayo yatakutana. Kama unalitaka hilo la saba, ongeza chane moja, uanze na arobaini na tisa."

Alipoinua kichwa aliona viatu vya Mwalimu karibu yake.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Hakuna, Mwalimu. Tukihesabu vibaya tunafumua, na kufumua kunachosha."

Mwalimu aliutazama ubao, akalitazama dawati la nyuma. Kisha akaenda ubaoni, akaandika: 84 ÷ 7. "Rudi mahali pako, Zulmira. Nisomee hii."

Zulmira alikunja uso. Moshi ule ule. "Thelathini na nne," alibahatisha, "gawanya kwa moja."

Darasa likacheka. "Unanitania?" Mwalimu aliuliza.

Zulmira angeweza kusema anaumwa kichwa, maneno ambayo yalikuwa yamemwokoa mara nyingi. Akamtazama Benilde, ambaye alikuwa anaangalia miguu yake.

"Sioni, Mwalimu," alisema. "Ubao siuoni. Na lile jaribio, mimi ndiye niliyenakili. Benilde hakufanya kosa lolote."

"Popo huyo, haoni mchana," mtu alinong'ona.

"Anayecheka atoke nje," Mwalimu alisema, bila kupandisha sauti. "Zulmira, njoo. Simama pale utakapoona."

Zulmira akaanza kutembea. Alipita madawati ya katikati, hakusimama. Alipita la mbele, hakusimama. Alisimama pua ikiwa karibu kugusa chaki. "Themanini na nne gawanya kwa saba," alisoma. "Kumi na mbili." Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu alivuta kiti, akakaa.

Siku hiyo hiyo alisahihisha alama za Benilde. Zulmira akahamishiwa dawati la mbele. Jumanne, Mwalimu na Hortência walimpeleka hospitali ya Maxixe, wakapanga foleni tangu asubuhi mpaka alasiri. Muuguzi wa macho aliwaeleza kwamba Zulmira huona vizuri vya karibu tu, na kwamba kukaza macho kutwa ndiko kulikomletea maumivu ya kichwa na uchovu. Miwani ingechukua wiki sita.

Benilde hakumsamehe upesi. Zilipita siku nane ndipo alipofika dawati la mbele na mfuko wake.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ningekusomea."

"Niliogopa mtanicheka."

"Si walikucheka, na hukufa? Sogea huko."

Miwani ilipofika, zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya mitihani, na wakati huo Zulmira alikuwa amekwisha kupata saba na nane katika majaribio. Aliivaa darasani. Aliona nyufa za ubao. Aliona uso wa Mwalimu, mikunjo yake na macho yake mekundu.

"Mwalimu, kumbe umechoka hivyo," alisema kabla hajajizuia.

Mwalimu alitabasamu kidogo. "Nimechoka, ndiyo," alisema, kisha akaligeukia darasa zima. "Nilimwona mtoto amechoka kama mimi, nikamdhania mvivu. Hilo ni kosa langu, na nimemwomba mama yake radhi. Nanyi nisikilizeni. Mwili ukikusumbua, iwe macho, masikio au tumbo, mwambie mtu mzima mapema. Usijione mjinga, usijifiche nyuma ya daftari la mwenzako. Zulmira alificha, akaumia mwaka mzima, na Benilde akapewa sifuri bure. Msaada ulianza siku aliposema ukweli mbele yenu, ingawa ulimwaibisha."

Alichukua chaki, akajikongoja hadi ubaoni kwa miguu yake iliyovimba. "Haya, fungueni madaftari."

Zulmira akainua macho, akaandika tarehe kama ilivyokuwa ubaoni.