Kandambili Zilizolowa Jikoni kwa Kaliza

Annick alikosa, na hilo halifichi hata mbele ya padri: alichukua hofu ya mdogo wake akaifanya hadithi.

Tangu utoto wao Bujumbura, wakilala kitanda kimoja, Kaliza aliogopa kitu kimoja. Kwamba atakuwa anapika, atasikia nyuma yake kandambili zilizolowa, chwa, chwa, na akigeuka hakuna mtu. Annick peke yake ndiye aliyeambiwa. Alipoanza kusimulia hadithi za majini kwa sauti kwenye kundi la WhatsApp, aliona makaburi hayamtishi mtu tena. Mtu huogopa pale anapojiona salama. Basi akalitia jini jikoni. Jina la Kaliza alilibadilisha. Nyumba yake ya mtaa wa Batsinda hakuibadilisha, wala pazia lake la kijani. Na mwishoni hakulitoa jini, maana likitoka, msikilizaji atalala vizuri.

Watu wakaisambaza. Kaliza, kwa woga wake, hakuisikiliza.

Mchana mmoja Kaliza akampigia simu, akinong'ona: "Dada, njoo. Iko hapa."

Annick alimkuta na Eustache wa kikundi cha maombi, chupa ya maji ya baraka mkononi.

"Karibu, msimuliaji," Eustache alisema chini chini. "Leo usituongezee chumvi."

Maharage yalichemka, lakini jikoni kulinuka tope la ziwa.

"Kwa jina la Yezu, nani amekuleta humu?" Eustache akaliuliza jini.

Chwa. Chwa. Nyayo za maji zikatokea sakafuni moja baada ya nyingine, bila miguu, zikampita Eustache aliyeruka kando hadi chupa ikamwagika, zikaenda kusimama nyuma ya Kaliza, na hapo ikasikika sauti tamu, ya polepole, ile ile ya kwenye simu, sauti ya Annick, na Annick mwenyewe mdomo ameufumba.

"Nimekaribishwa. Nimeambiwa nisitoke."

Kaliza akamtazama dada yake. Hakulia.

"Nilikuambia wewe peke yako. Hata mume wangu hajui."

Annick akarekodi mwisho mwingine, jini likitolewa. Kundi likamcheka: "Dada, umelegea! Ule wa kwanza ndio mtamu." Wakaendelea kutumiana ule wa kwanza, Kabuga, Kicukiro, hadi nje ya nchi, na kila unaposikilizwa, sakafu ya Kaliza inalowa. Sasa anapikia uani, hata mvua ikinyesha, na dada yake akija, hamfungulii mlango.

Wewe uliyetumiwa hadithi hiyo, tafadhali, ifute.