Sauti Katika Sikio la Kushoto

Haya yalimpata mama mudogo Pulchérie, mdogo wake mama yangu Florentine, pale Baraka, miaka michache kabla ya uhuru, wakati kila nyumba ililazimishwa kulima pamba. Mimi sikuyaona, isipokuwa lile la mwisho. Mama alinisimulia mara nyingi, na kila mara alinisimulia mchana, mlango ukiwa wazi.

Ilikuwa siku ya kawaida ya kiangazi. Dada hao wawili walikuwa wanapika mawese uani kwa Pulchérie. Pulchérie alikuwa amesimama karibu na pipa, mwiko mrefu mkononi, akisimulia habari za harusi moja ya Makobola ambako bwana harusi alichelewa mpaka wageni wakala bila yeye. Alikuwa anacheka. Mume wake Norbert, fundi mwashi, alikuwa amepanda Fizi kujenga. Walikuwa wameoana mwaka uliotangulia.

Katikati ya maneno akanyamaza. Alisema sikio lake la kushoto limejaa. Kisha akasema kuna kitu kinavuma mle ndani, kama upepo unaopita juu ya mdomo wa chupa. Mama hakutilia maanani. Alikuwa ameinama, anasogeza kuni.

Halafu Pulchérie akageuza kichwa upande wa kushoto, haraka, kama mtu aliyeitwa.

Upande ule hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukuta wa nyumba tu.

Papo hapo dunia ikamgeuka. Ukuta ulikimbia, mpapai ukaufuata, ardhi ikamjia usoni. Alitaka kushika kitu, na alichoshika ni ukingo wa pipa. Mama alimvuta kabla pipa halijapinduka, lakini mafuta yalikuwa yameshammwagikia mkono. Alilala chini akitapika, vidole vimechimba udongo kana kwamba anaweza kudondoka kutoka juu ya ardhi. Mama alipomfunua kope aliona macho yanarukaruka upande, yenyewe, bila mwenyewe kutaka.

Jua lilikuwa limeanza kushuka alipoweza kusema. Alimnong'oneza dada yake.

“Yaya, ni nani alisema niikale?”

“Hakuna muntu. Ni mi na we tu.”

“Ni mwanamuke. Alisema: ikala.”

Tangu siku ile ugonjwa ulikuwa unakuja na kwenda upendavyo. Wiki nzima angekuwa mzima, akapalilia pamba na kuimba kanisani. Kisha sikio lingejaa, mvumo ungeanza, na ile sauti ingesema neno lake moja la kumtaka akae chini. Ikala. Pulchérie hakutaka kuitii. Alikuwa Mkristo, na hakuona sababu ya kumtii mtu asiye na mwili. Badala ya kukaa alikuwa anakimbia, ama anaita jina la Yesu, ama anageuka kumtafuta anayesema. Kila mara alianguka. Alianguka sokoni kati ya vikapu vya ndagala, wale dagaa wa ziwani. Alianguka kanisani wakati wa komunyo. Watu walianza kusema anakunywa kwa siri. Wengine walisema mengine, kwa sauti ya chini, na wakawaondoa watoto wao njiani alipopita.

Mama alimpeleka kwenye dispensari. Muganga aliyekuwepo, Raphaël, kijana mpole, alimziba sikio la kulia akamsemesha kwenye la kushoto. Pulchérie hakusikia kitu. Akamsemesha tena kwa nguvu. Hakusikia. Sikio lile lilikuwa karibu limekufa.

“Mama, hakuna muntu anakuzungusha,” Raphaël alimwambia. “Kuko maji ndani kabisa ya sikio. Ile maji ndiyo inaambia mwili kama umesimama ao umelala. Yako imevurugika.”

Alimpa vidonge vya kuzuia kutapika. Akamwambia apunguze chumvi, asipande mti, asikae karibu na moto peke yake. Dawa ya kuuondoa ugonjwa wenyewe hakuwa nayo, na hakumdanganya. Pulchérie alimshukuru. Jambo moja hakumwambia, alimwambia mama njiani wakati wa kurudi: sikio lile lisilosikia tena walio hai ndilo lililokuwa linasikia ile sauti. Na sauti ilikuwa inakaribia. Mwanzo ilitoka kama mlangoni. Sasa ilitoka pale pale begani, na ilikuwa na pumzi baridi.

Norbert alirudi kutoka Fizi akamkuta mkewe amelala sakafuni, uso kwenye ukuta. Hakuuliza ana nini. Aliketi kando yake akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamwambia atazame kitu kimoja kisichosogea. Alifanya hivyo vizuri mno. Alifanya kama mtu aliyewahi kufanya.

Godelieve, dada yake Norbert, ndiye aliyefungua mdomo. Alimwambia Pulchérie kwamba Norbert alikuwa na mke kabla yake. Hilo Pulchérie alilijua, na alijua pia kwamba mke huyo, Dorothée, alikufa. Hakujua alikufaje. Dorothée alikuwa na kizunguzungu kile kile. Adhuhuri moja alishuka ziwani kuteka maji. Hapakuwa na mawimbi, na pale anapoteka mtu maji yanafika magotini tu. Mtungi wake ulionekana unaelea. Yeye hakuonekana, wala siku ile, wala baadaye.

“Hakuzikwa,” Godelieve alisema. “Na mama yake iko anaishi kule Ubwari. Ule muzee ndiye anamutuma kwako, juu ya vile umelala kwenye kitanda ya binti yake.”

Usiku ule Norbert alikiri kwa mkewe kwamba alinyamaza kwa kuogopa angekataa kuolewa naye. Lakini maneno ya Godelieve yalikuwa yameshatoka nje ya nyumba. Wanaume wa ukoo walikubaliana kwenda Ubwari kumchukua bibi kizee yule, wamlete Baraka na kumnywesha dawa ya kujaribia wachawi. Kila mtu alijua wazee wanaonyweshwa dawa ile huishia wapi. Pulchérie naye alijua. Aliwaomba wangoje kidogo. Kesho yake asubuhi, bila kumwambia mtu, yeye na mama wakapanda mtumbwi wa wavuvi waliokuwa wanarudi kwao Ubwari.

Mtu mwenye ugonjwa ule hapaswi kupanda mtumbwi. Baraka ilipokuwa nyuma, mbali, sikio likajaa. Pulchérie alishika ubao wa mtumbwi. Mvumo ukaja. Alianza kuinuka, na mama akaona macho yake yanatazama maji upande wa kushoto, karibu sana, kama anayetazama uso wa mtu.

“Ikala,” mama alimsikia akisema. Lakini haikuwa sauti ya Pulchérie.

Mama alimvuta gauni akamwangusha kati ya nyavu, akamlalia juu mpaka walipofika.

Bibi Wabiwa, mama yake Dorothée, waliambiwa anakaa nyumba ya mwisho, karibu na mawe. Walimkuta anachambua maharagwe. Alikuwa mdogo wa umbo, na hakuonekana kuogopa wala kushangaa. Aliwapa maji, akamtazama Pulchérie anavyotembea huku kiganja kikipapasa ukuta.

“Sikio gani?”

“Ya kushoto, mama.”

“Na anakuambia nini?”

Pulchérie na mama walitazamana. Hawakuwa wamesema neno lolote juu ya sauti.

“Ananiambia: ikala.”

Bibi Wabiwa aliweka ungo chini.

“Ile neno ni yangu,” alisema. “Ni mi nilimufundisha. Sikio ikianza kulia, ikala. Hata njiani. Hata batu bakucheke. Nilikuwa ninamuambia ile kila siku. Halafu akaolewa Baraka, na ile siku ya ziwa hakukuwa muntu wa kumuambia.”

Ndipo akamfundisha Pulchérie kama alivyomfundisha bintiye. Mvumo ukianza, usimtafute anayesema. Usikimbie. Kaa pale pale ulipo. Egemeza mgongo kwenye kitu kigumu, ukikosa ukuta simika viganja ardhini. Chagua kitu kimoja, jiwe, mlango, mti, ukitazame mpaka kitulie. Ugonjwa hautakuacha, alisema, lakini hautakuangusha tena. Walipoaga, bibi kizee aliwasindikiza mpaka ufukoni. Alimwomba Pulchérie jambo moja: siku akimsikia tena, amwambie mwanawe kwamba mama yake bado yuko nyumba ile ile. Kisha akabaki amesimama pale, maji yakimlowesha miguu, akiwa ametega sikio upande wa ziwa.

Kule Baraka wanaume walikuwa wameshakusanyika. Pulchérie aliketi chini mbele yao, akajibu kila swali akiwa amekaa. Aliwaambia bibi yule hana kosa, na kwamba atakayekwenda kumgusa aanze na yeye. Norbert aliinuka akaenda kusimama nyuma ya mkewe. Shauri likaisha hivyo. Godelieve hakufurahi, lakini hakusema tena.

Baada ya hapo Pulchérie alitii. Sauti ikisema ikala, alikaa. Alikaa sokoni, alikaa kwenye misa, alikaa katikati ya barabara huku lori la pamba likipiga honi. Watu walizoea. Walikuwa wanampitia kando na kumsalimia, naye anaitikia akiwa amekodolea macho jiwe. Mara moja alikaa juu ya gogo la kuvukia Mutambala, mto umejaa, mzigo wa kuni kichwani; kizunguzungu kilipompata miguu ilikuwa imeshabana gogo. Norbert alimjengea benchi la matofali kwenye ukuta wa uani, akalisiliba vizuri, ili awe na pa kuegemea. Mvumo ulikuja, ukapita. Pulchérie akaanza kunenepa. Na ujumbe wa Bibi Wabiwa alikuwa ameshaufikisha, kwa kunong'ona, mkono umefunika mdomo. Hakujibiwa.

Kisha ikaja siku ile.

Ilikuwa kiangazi tena, adhuhuri, jua kali, hakuna wingu. Mama alikuwa anatandaza ndagala wakauke. Pulchérie alikuwa kwenye benchi lake anamenya mihogo. Sikio likajaa. Aliweka kisu chini, akaegemea ukuta, akachagua jiwe moja la kutazama. Mvumo ukaja. Alikuwa ameshakaa, kwa hiyo alingoja tu lile neno lipite.

Halikuja.

Mvumo ulizidi. Pumzi ile baridi ilimgusa shingo. Halafu sauti ikasema, taratibu, kama mtu aliyechoka na safari ndefu.

“Sogea.”

Alikuwa amezoea kutii. Mwili ulisogea kabla yeye hajafikiri. Alijivuta upande wa kulia, akaacha nafasi.

Mvumo ukakatika. Pale pale. Dunia haikuzunguka. Uwanja ulikuwa umetulia, kuku walikuwa wamenyamaza, na Pulchérie hakuthubutu kugeuza kichwa.

Mama aliinua macho akaona. Ukuta, pale alipotoka Pulchérie, ulikuwa unalowa. Ulianza chini, kwenye benchi. Ukapanda. Kiuno. Mgongo. Mabega. Kichwa. Hakuna aliyemwaga maji. Harufu ya ziwa ilijaa uani.

“Yaya,” Pulchérie alinong'ona, akitazama mbele. “Usiikale hapa.”

Kizunguzungu hakikumrudia tena. Raphaël alipoulizwa alisema maradhi yale wakati mwingine huchoka yenyewe, na sikio hubaki kiziwi. Sikio la kushoto lilibaki kiziwi kweli. Baadaye watu wa Ubwari walileta habari kwamba Bibi Wabiwa amefariki, kwa uzee, amekaa mlangoni kwake. Walikuwa hawajui ni siku gani hasa.

Norbert alipoiona ile alama ukutani, bega moja likiwa chini kuliko lingine, aliomba maji ya kunywa. Alikwangua udongo, akasiliba upya. Alama ikarudi. Akapaka saruji. Ikarudi, na safari hii kichwa kilikuwa kimeinama kulia, upande anakokaa Pulchérie, kama mtu anayemnong'oneza mwenzake. Akaacha. Pulchérie naye hakuacha kukaa pale. Alisema hapati taabu. Kila alasiri ya maisha yake alikaa upande wake wa benchi, na hakuna aliyekaa kushoto kwake.

Mimi nimeigusa ile alama. Ilikuwa mwaka tulipomzika mama mudogo, akiwa ameshazeeka. Ulikuwa mwezi wa saba, udongo umepasuka kwa ukavu, na nilipoweka kiganja ukutani kilirudi kimelowa. Niliponusa kilikuwa na harufu ya ziwa.

Wageni wa matanga walikuwa wamejaa uani, na viti havikutosha. Nilirudi nyuma ili niione yote vizuri. Mgongo ulikuwa pale. Mabega yalikuwa pale, moja chini, moja juu. Lakini kichwa hakikuinama tena kule alikokuwa akikaa Pulchérie. Kilikuwa kimeinamia upande wa pili wa benchi.

Upande ule alikuwa amekaa mama yangu, peke yake, shingo imenyooka, akitazama jiwe moja uwanjani bila kupepesa macho.