Kanda ya Mke wa Mwewe

"Mwewe, ng'ombe wametoka zizini."

Sauti ya Bosi ilikwaruza simuni. Maana yake: bunduki za magendo zimo melini.

"Zinashuka wapi?"

"Tumenasa tarakimu za siri za wenye magendo hewani. Wa kuzifumbua ni mkeo tu."

"Mke wangu yuko kaburini, Bosi."

"Basi mwamshe."

Mwewe akaweka bastola yake, Beretta, mezani, kando ya kompyuta kuukuu, ZX Spectrum, yenye vitufe vya mpira. Marehemu, mvunja misimbo wa idara ya ujasusi, aliiacha programu yake kwenye kanda moja tu. Akaunganisha redio kaseti, akawasha televisheni, akabonyeza.

Kanda ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Mistari ikacheza kiooni. Mashine ikagoma.

Akarudia. Ikagoma.

Akakumbuka. Mharibifu alikuwa yeye. Baada ya mazishi aliifungua redio ile, akaisafisha kwa machozi, akanyoosha skrubu ya kichwa cha kusomea iliyokaa upogo.

Kumbe mkewe alirekodi kwa upogo uleule!

Akaichezesha tena, bisibisi mkononi, akiipinda skrubu kidogo kidogo. Mlio ukafifia. Ukafifia zaidi. Ghafla ukawa mkali kama wembe.

Programu ikaingia. Akachapa tarakimu.

GATI LA KASKAZINI.

Kanda ilizidi kuzunguka. Siku ya kurekodi mkewe alisahau kuizima, na sasa sauti yake ikasikika.

"Nakuja, mume wangu! Usinilie nyama yangu, nakujua!"

Kicheko.

Mwewe akaizima redio. Kisha akapiga simu.

"Gati la kaskazini."

"Vijana wanakwenda. Watu wa magendo wako mlangoni kwako. Wakijua tumeusoma msimbo, watageuza meli. Futa kanda."

"Bosi, humo mna..."

"Futa!"

Akachomoa waya wa umeme wa kompyuta. Mashine ikasahau kila kitu papo hapo. Bahati yake.

Akang'oa sumaku ya spika, akaipitisha juu ya kanda, huku na huku, meno yakiuma mdomo. Beretta akaificha darini. Akashuka, kanda mfukoni.

Jibaba la miwani myeusi likambana ukutani, likampapasa.

"Kanda ya nini hii, shemeji?"

"Ya marehemu mke wangu."

Jamaa akaichomeka kwenye redio ya gari. Mvumo mtupu.

"Mbona haina kitu, bwana?"

"Najua."

Mwewe akaichukua, akaitia mfukoni. Upande wa bandari ving'ora vikaanza kulia. Jibaba likaduwaa, likakimbilia simu.

Mwewe alikwishavuka barabara, polepole, bila kugeuka.