Fundi Sindano na Maumivu Yaliyobaki

Saa mbili asubuhi chumba cha mbele kilikuwa kimeshajaa nguo. Magauni yalining'inia kwenye waya. Suruali zilirundikana juu ya kiti. Kwenye meza ya kukatia kulikuwa na chaki, mkasi mkubwa, na futi ya kupimia ambayo namba zake za mwanzo zilishafutika kwa kushikwashikwa.

Mwenye chumba alikuwa mama mwembamba, ulimi mkali, kazi safi. Watu wa mtaani walimwita Sindano, naye hakuchukia. "Bora niitwe Sindano kuliko Gunia," alisema.

Miezi minne nyuma, Sindano alikojoa damu. Hospitali walimpima wakakuta saratani kwenye figo ya kushoto. Wakampasua, wakaitoa figo yote. Daktari alimwambia uvimbe umetoka wote. Akamwambia pia kwamba figo moja iliyobaki inaweza kufanya kazi ya mbili, mradi aitunze. Sindano alikaa nyumbani wiki sita bila kubeba hata ndoo. Kisha akarudi kwenye cherehani yake, na wateja wakarudi naye.

Kila mtu alisema amepona. Yeye mwenyewe alisema amepona. Lakini ubavu wake ulikuwa unasema vingine.

Pale penye kovu, chini ya mbavu, ngozi iliwaka kama imepakwa pilipili. Sentimita chache kando yake palikuwa na ganzi, hata akijifinya hasikii. Mkanda wa sketi ukipagusa tu, alishtuka. Akikaa kwenye cherehani saa nzima, ubavu wote ulianza kuvuta.

Hakumwambia mtu. Kichwani mwake alikuwa ameshajipima na kujipa majibu: maumivu haya ni saratani imerudi. Na kwa kuwa hakutaka kuyasikia majibu hayo kwa mtu mwingine, aliamua kwamba kliniki ya Alhamisi haendi.

"Alhamisi nimeomba ruhusa kazini," alisema mume wake siku ya Jumatatu. Alikuwa mpaka rangi wa majumba, na asubuhi ile alikuwa anakwangua rangi ya kijani kwenye kucha. "Nitakupeleka mwenyewe."

"Alhamisi nina nguo za harusi."

"Harusi si mwezi ujao?"

"Bibi harusi ana dada saba, baba. Wote wanataka nguo, na wote hawapatani kwenye rangi."

Mume alimtazama kidogo. Akachukua brashi zake akaenda kazini.

Alipotoka tu, Sindano alichukua kikopo cha vidonge nyuma ya boksi la vifungo, akameza kimoja. Vidonge hivyo alipewa na wifi yake, ambaye alimkuta siku moja ameshika ubavu. Vilikuwa dawa za wifi za maumivu ya magoti. "Meza asubuhi na jioni," wifi alimwambia. "Mimi vimenifanya nipande ngazi kama msichana." Sindano alikuwa amemeza wiki mbili sasa. Vilipunguza kidogo, kisha ubavu ukaanza upya.

Mchana alikuja jirani wa nyumba ya tatu. Alikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji, mama wa makamo mwenye sauti iliyozoea kuita watu koridoni. Alikuja na gauni lake jeupe la kazi, lile ambalo Sindano alimshonea wiki iliyopita.

"Fundi, leo nimekuja kugomba," alisema, huku akilivaa juu ya nguo zake. "Tazama pindo hili. Kulia liko sawa. Kushoto limeshuka vidole viwili. Wagonjwa wananiuliza kama nachechemea."

Sindano alitazama. Ni kweli. Pindo lilikuwa limekwenda upande kama mlango uliolegea bawaba. Miaka kumi na nane ya ushonaji, hajawahi kutoa kazi kama ile. Uso ulimwaka kwa aibu.

"Samahani, sista. Simama hapo nilirekebishe."

Akachukua pini. Akapiga magoti, akaanza upande wa kulia. Pini ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipotaka kuzunguka kwenda kushoto, alishika meza kwa mkono mmoja na ubavu kwa mwingine, akauma midomo, akabaki hapo hapo.

Muuguzi alimtazama kwa juu.

"Ndivyo ulivyofanya na mara ya kwanza? Upande mmoja umepima, wa pili umekisia?"

"Goti tu, sista."

"Goti liko ubavuni siku hizi? Nimefanya kazi wodi ile miaka ishirini na mbili, fundi. Gauni limeinama na wewe umeinama. Inuka ukae. Unaumwa tangu lini?"

Sindano alikaa kwenye kiti, juu ya suruali za watu. Alitaka kujibu kwa mkato kama kawaida yake. Badala yake machozi yakatoka, akayafuta kwa kipande cha bitana.

"Ubavu haujawahi kuacha," alisema. "Imerudi, sista. Najua imerudi. Alhamisi siendi kuambiwa."

"Nani amekupima?"

"Hakuna."

"Basi hujui. Unaogopa, na una haki ya kuogopa. Lakini kuogopa si kipimo." Muuguzi alivuta kigoda akakaa mbele yake. "Nieleze maumivu yenyewe. Yanachoma, yanavuta, au yanapiga?"

"Yanachoma. Nguo ikinigusa tu. Na pembeni pana ganzi."

"Sasa nisikilize. Daktari alipokukata, alikata ngozi na nyama. Ndani ya nyama kuna mishipa ya fahamu. Ndiyo inayopeleka habari za maumivu kwenye ubongo. Mingine ilikatwa, mingine ilivutwa. Kidonda kinafunga wiki chache. Mishipa ile inaweza kuchukua miezi mingi kutulia. Wakati huo inapiga kelele hata kwa kitu kidogo. Wengi waliopasuliwa ubavu hupata hali hiyo."

"Kwa hiyo si saratani?"

"Sijasema hivyo. Mimi sina macho ya kuona ndani ya tumbo lako. Picha na vipimo vya damu ndivyo vinavyoona. Kwa hiyo Alhamisi unakwenda."

"Na wakisema imerudi?"

"Usipokwenda, ndiyo itakuwa haijarudi?"

Sindano alikikunja kile kipande cha bitana mara nne.

"Na unatumia nini kutuliza?" muuguzi aliuliza.

Sindano alionyesha kikopo. Muuguzi alisoma maandishi, uso ukabadilika.

"Nani kakupa?"

"Wifi. Ni za magoti."

"Magoti ya wifi yako yana figo mbili nyuma yake. Wewe una moja. Hii ni diklofenaki. Dawa hizi na ndugu zake, kama ibuprofeni, zinaweza kuidhuru figo. Usimeze tena mpaka daktari aseme. Ukizidiwa kabla ya Alhamisi, tumia parasetamoli kama ulivyoandikiwa ulipotoka hospitali, usizidishe. Na daktari umwambie umemeza hizi siku ngapi. Usimfiche, hatakupiga."

"Kuna homa?" aliendelea. "Damu kwenye mkojo? Kovu limevimba au linatoa usaha? Unapumua vizuri?"

"Hamna. Napumua. Nagomba vizuri tu."

"Hilo naliona. Ungekuwa na kimojawapo, tungeondoka sasa hivi, Alhamisi isingetungoja." Muuguzi alisimama, akalivua gauni akaliweka mezani. "Nitalifuata ukishapona upande wa kushoto. Na mumeo umwambie leo."

Jioni mume alirudi akinuka rangi. Sindano alimwekea maji ya kunywa, akakaa mbele yake.

"Ubavu unaniuma," alisema. "Haujawahi kuacha."

Mume aliweka kikombe chini. "Najua."

"Unajuaje?"

"Unalala kama umelalia msumari. Na ukicheka unashika meza."

"Sasa mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa naogopa utakachojibu."

Walitazamana, watu wawili wazima waliokuwa wakifichana kitu kimoja ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Sindano ndiye aliyeanza kucheka, akashika meza, na mume akacheka naye.

Alhamisi walikwenda. Daktari hakuwa na haraka. Aliuliza maumivu yako wapi, yanaanzaje, nini kinayazidisha. Akagusa kuzunguka kovu kwa kipande cha pamba. Penye kovu Sindano aliruka. Pembeni hakusikia kitu.

"Ukiyapa namba," daktari alisema, "sifuri ni hakuna kabisa, kumi ni makali kuliko yote. Yako ni ngapi?"

"Nne," alisema Sindano.

"Saba," alisema mume.

"Nani ana ubavu hapa?" Sindano alimgeukia. Kisha akashusha pumzi. "Saba, daktari. Jioni nane."

Daktari akaandika. Akaeleza kama muuguzi alivyoeleza: mishipa ya fahamu ilijeruhiwa, nayo inahitaji dawa yake yenyewe. Akamwandikia dawa ya kuanza kwa kiasi kidogo. "Siku za mwanzo itakulegeza na kukuletea usingizi, kwa hiyo mkasi uwe nao kwa uangalifu. Usiongeze mwenyewe, usiache ghafla mwenyewe. Ikikusumbua, njoo." Kuhusu vidonge vya wifi alitikisa kichwa, akaagiza damu ipimwe kuona figo inaendeleaje. Kisha wakaenda kupiga picha. Majibu yangetoka Jumatatu.

Siku nne zile zilikuwa ndefu. Sindano alishona, akafumua, akashona. Jumatatu daktari aliwaita ndani.

"Picha ni safi," alisema. "Hakuna uvimbe. Figo inafanya kazi vizuri. Tutaendelea kuipima, lakini leo habari ni njema."

Mume alitoka nje haraka akisema anatafuta choo. Alirudi na macho mekundu. Sindano hakumtania, siku hiyo moja tu.

Kabla hawajaondoka walipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana wa kike mwenye viatu vya michezo. Aliposikia mgonjwa ni fundi cherehani, alifurahi.

"Vipande vya nguo unavyo?"

"Ninavyo magunia."

"Basi dawa nyingine iko nyumbani kwako. Ngozi ile imesahau nguo ni nini, inadhani kila kitu ni adui. Chukua hariri. Ipitishe taratibu juu ya kovu, dakika mbili tatu, mara tatu kwa siku. Ukiizoea, chukua kitambaa cha pamba. Kisha sufu. Mwisho kaki. Ikiuma sana rudi kwenye laini. Na usikae saa nzima bila kuinuka. Kila nusu saa simama, nyosha mgongo, tembea mpaka mlangoni. Mwili ukilindwa mno unakakamaa, na ukikakamaa unauma zaidi."

Wifi alipopata habari alikuja mbio, magoti na yote.

"Kumbe nilikuwa nakuua, wifi yangu!"

"Ulikuwa unanisaidia kwa ujinga. Tulikuwa wajinga wawili. Kaa, nikukatie gauni la pamba."

Mambo hayakubadilika kwa siku moja. Wiki ya kwanza hata hariri ilimuuma. Dawa ilimpa usingizi, akashona mfuko wa suruali kwa nje. Wiki ya tatu alifika kwenye pamba. Alijishonea magauni mawili yasiyo na mkanda kiunoni, mapana, na wateja watatu wakayataka pia bila kupasuliwa chochote. Mume aliunganisha mbao zake za kusimamia anapopaka rangi, akatengeneza jukwaa dogo. Sasa mteja anasimama juu yake, na Sindano anapima pindo akiwa amekaa kwenye kigoda, anazunguka pande zote mbili. Asubuhi na jioni alitembea hadi mwisho wa mtaa, akisalimiana na watu na kukosoa mishono yao.

Baada ya miezi mitatu alirudi kliniki. Mume alibaki nje kwenye benchi.

"Ngapi leo?" daktari aliuliza.

"Mbili. Jumapili ilikuwa nne, lakini nilifua mapazia yote. Siku za baridi kovu linavuta kidogo. Kaki nimeshaimaliza."

Daktari alicheka. Akaangalia majibu mapya ya damu, akaridhika. "Dawa tutaanza kuipunguza kidogo kidogo. Picha nyingine baada ya miezi mitatu. Nikuandikie lini?"

Sindano alisogeza kiti mpaka mezani, akaikagua kalenda ya daktari kama anakagua mshono wa mtu mwingine.

"Jumanne hii hapa," alisema, kidole juu ya tarehe. "Asubuhi kabisa, daktari. Uniandike wa kwanza. Sitaki kukaa kwenye foleni ya watu wanaoogopa."