Kompyuta ya Masjala Haizimwi

Kazini, alikokuwa fundi wa kompyuta, walimwita Zima-Washa, na jina lenyewe alijitakia. Printa ikigoma, dawa yake zima, washa. Barua pepe zisipofunguka, zima, washa. Mhasibu aliwahi kumtania kwamba hata mume akija juu, binti huyu atamtafutia kitufe. Yeye hakujali. Aliamini kompyuta isipopumzishwa angalau mara moja kwa wiki hujaa takataka kichwani, na siku moja itakuadhiri mbele za watu.

Shida ilikuwa wenzake. Kila Ijumaa aliwasihi wazime mashine kabla ya kutoka, na kila Ijumaa walibonyeza "baadaye" wakakimbilia kwao. Wiki hiyo akawakomesha. Akazipanga kompyuta zote kumi na mbili zijizime na kujiwasha zenyewe saa kumi na mbili na nusu jioni. Kitufe cha kuahirisha akakiondoa kabisa.

Zote kumi na mbili. Hata ya masjala.

Na hiyo ya masjala alikatazwa na mama yake mzazi. Mama alikuwa karani wa masjala hadi alipostaafu, na ndiye aliyembembelezea binti yake kazi palepale. Siku ya kwanza alimpa wosia mmoja tu: "Ile kompyuta yangu iache inavyowaka. Ina mafaili ya zamani, ukiizima haitaamka." Miaka kumi na mitano haijazimwa. Umeme ukikatika, ilishikiliwa na betri ya akiba ambayo mama aliileta mwenyewe kutoka nyumbani. Zima-Washa aliona hayo ni mambo ya wazee kuogopa mashine. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jua likizama, alishuka masjala kuisimamia hiyo moja, maana alijua ni kongwe. Ofisi ilikuwa tupu. Makabati ya mafaili yalimeza mwanga wote, ukabaki wa kioo cha kompyuta tu, na juu yake maandishi: *Itajiwasha upya baada ya dakika 10.*

Kitu cha kwanza kilichomshtua ni harufu. Chumba cha karatasi hunuka vumbi. Hiki kilinuka dawa ya kusafishia wodi.

Cha pili kilikuwa sauti ya feni.

Fuuu... kimya.

Fuuu... kimya.

Feni haizunguki hivyo. Alichukua bisibisi, akachuchumaa, akafungua ubavu wa mashine chini ya meza. Nyuma ya nyaya, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu, palikuwa na kifurushi cha kitambaa cheupe kilichoshonwa kwa uzi mweusi. Akakichana kwa ncha ya bisibisi. Ndani mlikuwa na nywele za mtoto, na utepe wa hospitali, wa kufungwa mkononi. Wino ulikuwa umefifia, lakini jina lake mwenyewe alilisoma.

Akabana pumzi kwa woga.

Feni ikanyamaza.

Akaiachia taratibu. Fuuu... Akabana tena, akahesabu hadi tano. Kimya, tano nzima. *Dakika 7.*

Alimpigia mama. Simu ilipokelewa mara moja.

"Mama," alinong'ona, "kuna nywele zangu kwenye kompyuta yako."

Upande wa pili kitu cha bati kilianguka sakafuni.

"Mama!"

"Umeizima?"

"Bado. Inajizima yenyewe. Dakika saba."

"Isimamishe!"

"Siwezi. Kitufe nilikitoa mwenyewe. Mama, ni nini hiki?"

Mama alianza kulia, kilio cha mtu aliyekizuia miaka. "Ulikuwa na miaka tisa. Kifua kilikubana, daktari akakufunika shuka. Nikarudi ofisini kuchukua mkoba wangu, hata sijui kwa nini. Palikuwa na mzee anasubiri kuchapiwa barua. Hakuna aliyemjua. Akaniambia, pumzi ukiifunga kwenye kitu kisichozimwa, haitoki. Akanipa uzi."

"Pumzi yangu?"

Mama alianza kumwomba Mungu msamaha.

"Mama, pumzi ya nani?"

"Yako ilikuwa imeshakwenda, mwanangu." Sauti ilishuka hata ikawa haisikiki vizuri. "Kulikuwa na binti kitanda cha dirishani. Alikuwa anapona. Usiku ule ulipofumbua macho wewe... yeye akafumba."

Zima-Washa alitazama kifua chake kikipanda na kushuka. Miaka kumi na mitano alikuwa akijua ni chake. Alimchukia mama yake, akamhurumia, akaogopa kufa, yote kwa pamoja. Akabonyeza kila alichokijua. Mashine ikamgomea kama alivyoifundisha.

*Dakika 1.*

"Usiuvute waya!" mama alilia. "Navaa viatu, nakuja..."

"Kaa na mimi kwenye simu, mama. Usikate."

Kioo kikawa cheusi.

Feni ikasimama.

Alingoja kuanguka. Hakuanguka. Alivuta hewa, na hewa ikaingia, nyingi, tamu. Alitaka kucheka. Alifungua mdomo amwambie mama kwamba ni mzima, kwamba yalikuwa maneno tu ya yule mzee.

Kompyuta ikalia *tii*, ikaanza kuwaka upya.

Na chumba kikageuka. Makabati yalikuwa juu mno. Mbele yake aliona magoti, suruali ya bluu aliyoivaa asubuhi, na mkono wake ukiwa umeshika simu. Mkono wake, lakini yeye akiutazama kutoka nyuma ya nyaya.

"Mwanangu?" ilikuwa sauti ya mama. "Mwanangu, uko hapo?"

"Shikamoo," ulisema mdomo wake. Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtoto wa miaka tisa. "Mbona taa zimezimwa? Mama yangu yuko wapi?"



"Wewe ni wa kitanda cha dirishani," mama alisema.

"Ndiyo. Nimelala sana. Mama yangu yuko wapi?"

"Alifariki," mama alisema, akilia. "Alifariki mwaka uleule. Nisamehe. Nisamehe, mwanangu."

Mtoto alifikiri. Magoti yakanyooka, yakasimama wima. Mkono ukapapasa meza, ukachukua mkoba na funguo.

"Basi nakuja kwako," alisema. "Wewe ndiye uliyebaki."

"Njoo," mama alijibu kwa unyonge. "Mlango nitauacha wazi."

Miguu ikatoka, ikitembea kama inajifunza. Mlango wa masjala ukafungwa. Zima-Washa alikusanya nguvu zake zote ampigie mama kelele aufunge mlango, atie komeo, asimwamini mtoto yule kwa sababu tu ana uso wa binti yake.

Fuuu... ilisema feni.

Fuuu...