Upande wa Kulia wa Baba

Alhamisi hiyo ilianza kama Alhamisi zote. Mama alitoka mapema kwenda hospitali, anakofua mashuka ya wagonjwa. Mimi nikamlisha baba, nikampangusa mdomo, nikamgeuzia kiti dirishani apate jua, kisha nikavuka barabara kwenda kazini.

Baba alikuwa dereva wa malori ya jeshi. Miaka miwili baada ya kustaafu alipata kiharusi, upande wote wa kulia ukafa: mkono, mguu, hata kona ya mdomo. Alihitajika mtu wa kuwa karibu naye mchana, na mtu huyo nikawa mimi. Nilikuwa kidato cha pili, nikaacha shule. Silalamiki. Nasema tu ili ijulikane kwa nini msichana wa miaka kumi na saba alikuwa akishinda na wazee.

Ofisi ya chama cha askari wastaafu ni chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri. Nikisimama mlangoni naliona dirisha letu. Msimamizi wake ni mzee tunayemwita Sajini, na alinichukua kwa sababu mwandiko wangu unasomeka bila miwani. Kulikuwa na kitabu kikubwa chenye jalada gumu, na kila askari aliyefariki alikuwa na ukurasa wake. Wajane na watoto walikuja, wakakaa kwenye benchi, wakasimulia, mimi nikaandika.

Niliipenda kazi ile kuliko shule. Nilimwandika mpishi wa kikosi aliyehesabu vijiko kila jioni maisha yake yote. Mkewe aliniambia, "Andika kwamba hata mimi alinihesabu, na nilikuwa mmoja tu." Nilimwandika fundi wa redio ambaye mjane wake hajaizima redio yake tangu azikwe, wageni wakija anapunguza sauti tu. Binti mmoja alisita kunieleza tabia ya baba yake, nikamuuliza Sajini niandike mkorofi au mchangamfu.

"Andika mchangamfu," akasema. "Ukorofi tutauandika ukurasa wa pili."

"Mbona kila mtu ana ukurasa mmoja?"

"Ndiyo maana."

Alhamisi hiyo nilikuwa namalizia. Jumamosi kulikuwa na kumbukumbu yao ya kila mwaka, na kurasa zote zilikuwa zimejaa isipokuwa mmoja. Juu yake kulikuwa na mistari mitatu tu. Jina la utani, Mluzi. Umri, miaka ishirini na miwili. Hakurudi.

"Mzee, huyu nimuulize nani?"

Sajini hakuinua kichwa. "Huyo ruka."

"Hana mama?"

"Alilelewa kituo cha yatima. Ruka, mjukuu wangu."

Niseme jinsi kumbukumbu hiyo inavyofanyika. Sajini husimama mbele ya ukumbi na kusoma majina, kama gwaride la asubuhi. Kila jina likisomwa, mtu wa familia husimama na kuitikia, "Tumempokea." Basi. Anaketi, jina jingine linasomwa. Asiye na wa kumwitikia hasomwi kabisa. Huo ndio utaratibu wao, na sikuwahi kuuliza sababu.

Orodha ya kusoma niliinakili mimi. Nikamweka Mluzi katikati ya mpishi na fundi wa redio. Niliona haya kumwacha nje kama mtu aliyefika bila kualikwa. Na niseme ukweli wote, nilijiona mwema.

Jumamosi saa nne asubuhi ukumbi ulijaa. Sajini alisoma kwa sauti ya zamani, ile ya kiwanjani. Mpishi. Mkewe akasimama, "Tumempokea." Kisha jina lililofuata likamtoka mdomoni kabla macho hayajalitambua.

Akaishusha karatasi.

Watu wakageuka kutafuta nani atasimama. Wazee wa mbele hawakugeuka hata mmoja. Walitazama viatu vyao. Sajini akafungua mdomo aendelee na jina jingine, na mimi nikaona huruma, nikasimama.

"Tumempokea," nikasema.

Sajini alinitazama kama mtu anayeona lori likirudi nyuma na mtoto amekaa nyuma yake.

Nilipofika nyumbani mchana, baba alikuwa dirishani nilipomwacha. Tangu augue alikuwa na maneno machache, na yote yalitokea kona ya kushoto ya mdomo.

"Nani huyo?" akauliza.

"Ni mimi, baba."

"Wewe nimekuona," akasema. "Huyo mwingine."

Jumapili mama alivuta buti za baba kutoka chini ya kitanda ili afagie. Buti la kulia liling'aa, limepigwa dawa mpaka kwenye mishono. La kushoto lilikuwa na vumbi la miaka miwili.

"Umefanya vizuri," mama akaniambia, "ila ungemalizia na la pili."

Sikuwa nimeligusa. Nilidhani ni yeye.

Jumatatu kidole cha mkono wa kulia kikatikisika. Jumanne mkono ule ukashika kikombe. Jumatano baba akasimama. Mama alilia, akacheka, akaita majirani, akacheza na ufagio katikati ya chumba. Daktari wa hospitali anakofanya kazi alimwambia kwamba mambo kama hayo hutokea. Jioni hiyo mama alijipaka mafuta, akavaa gauni ambalo sikuwa nimeliona tangu baba augue. Na mimi nilifurahi. Nilianza hata kuwaza kurudi shule.

Alhamisi asubuhi, mama akiwa kazini, nilikuwa naosha vyombo uani nikasikia mtu anapiga mluzi ndani.

Baba hajawahi kupiga mluzi. Si kwamba hakujua. Hakuweza kuvumilia. Mtu akipiga mluzi redioni, yeye hutoka nje mpaka wimbo uishe, na hatukuwahi kujua kwa nini.

Niliingia na mikono yangu ina povu. Baba alikuwa kitini. Kona ya kulia ya mdomo ilikuwa imejikunja, inapiga mluzi. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya. Kona ya kushoto ilikuwa imefungwa, inatetemeka. Jicho la kushoto lilikuwa linatiririka machozi. Jicho la kulia lilikuwa kavu. Lilinitazama kwa utulivu, kama mgeni aliyekaribishwa na anasubiri kuonyeshwa chumba.

Mkono wa kushoto ukanidaka kifundo cha mkono.

"Ananisukuma," baba akanong'ona.

"Nani, baba?"

"Nafasi ni ndogo."

Ndipo mkono wa kulia ukaja. Taratibu. Ukavibandua vidole vya mkono wa kushoto kutoka kwenye kifundo changu, kimoja kimoja. Ukaviweka juu ya paja. Ukavipigapiga, kama unamtuliza mtoto.

Nilimsubiri mama mlangoni. Nilimweleza yote. Alinisikiliza akiwa bado ameshika mkoba.

"Mwanangu, wewe unataka baba yako apone, au hutaki?"

"Mama, yule si baba. Nusu ile si yeye."

"Amechanganyikiwa kidogo. Jana aliniita mama." Alicheka, lakini hakunitazama. "Mtu mzima na mvi zake, ananiita mama. Aliniomba nimfunike."

Usiku huo sikumsikia baba akikoroma. Nilichosikia ni pumzi mbili.

Asubuhi nikaenda kwa Sajini. Alikuwa amekaa na kitabu kimefunguliwa kwenye mistari ile mitatu, kana kwamba alinisubiri tangu Jumamosi.

"Ameingia kwa nani?" akauliza.

"Kwa baba. Upande uliokufa. Baba anasema nafasi ni ndogo."

Alifunika uso kwa viganja. "Hata mtu wa kumfuata kachagua mwenyewe," akasema. Kisha akanisogezea kalamu. "Andika. Usinikatishe."

Nikaandika.

Walikuwa kumi na mmoja, wanarudi kutoka mstari wa mbele. Alfajiri, ukungu mzito, adui yuko nyuma yao. Mluzi alikuwa amepigwa risasi ya nyonga, amebaki ng'ambo ya mto. Lori lilikuwa ukingo wa huku. Hawakumwona, lakini walimsikia. Alipiga mluzi mara tatu ili wajue alipo. Mara tatu tena. Sajini akatoa amri waondoke.

"Andika kwamba amri ilikuwa yangu," akasema.

Dereva alikataa. Alizima injini. Alisema anaingia majini. Sajini akamwelekezea bunduki kichwani. Dereva akawasha. Kabla hajaondoka alitoa kichwa dirishani akapaza sauti, "Tulia hapo, nakurudia." Mluzi ukaendelea mpaka mngurumo wa injini ukaufunika.

"Alirudi?" nikauliza.

"Nilimnyima lori. Kesho yake na keshokutwa." Sajini alitazama dirisha letu ng'ambo ya barabara. "Baba yako hajanisalimu tangu siku ile. Tulipokutana sokoni yeye alivuka upande wa pili. Hukuwahi kujiuliza?"

Nilijiuliza. Nilidhani ni mambo ya wazee.

"Sasa anataka nini, mzee? Nimrudishe vipi?"

"Sijui. Sisi tulichofanya ni kumruka miaka thelathini, na kumruka kumetufikisha hapa. Msomee. Asikie kwamba imeandikwa. Nani alitoa amri, nani aliendesha. Hakuna aliyewahi kumsomea." Akasita. "Lakini ujue. Akitoka, upande ule unabaki kama ulivyokuwa. Na mama yako atajua ni wewe."

"Na asipotoka?"

"Baba yako amesema mwenyewe nafasi ni ndogo."

Niliongeza mistari ya mwisho kwa maneno yangu, nikavuka barabara nimekumbatia kitabu. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua kali, watoto wa jirani wanacheza. Baba alikuwa amesimama katikati ya chumba. Amesimama sawasawa, buti la kulia mguuni, visigino vimekutana, mkono wa kulia umenyooka ubavuni. Upande wa kushoto ulikuwa umening'inia. Bega limeshuka. Kona ya kushoto ya mdomo imelegea, inadondosha mate. Jicho la kushoto limefunga nusu.

Pande zilikuwa zimebadilishana.

"Baba," nikaita.

Jicho la kulia likanigeukia. Mdomo ukafunguka upande wa kulia, sauti ikatoka. Ilikuwa ya kijana. Ya upole.

"Mama anarudi saa ngapi?"

Nilikaa sakafuni nikafungua kitabu. Nilianza kusoma. Mstari wa kwanza, wa pili. Nilipofika kwenye mto, sakafu ikatoa sauti. Alikuwa amesogea. Sikuinua macho. Nilisoma. Mluzi mara tatu. Nikaona ncha ya buti la kulia karibu na goti langu. Nilisoma. Amri ilikuwa ya Sajini. Buti likasimama. Kiganja cha kulia kikashuka juu ya kichwa changu. Kilikuwa cha baridi na kimelowa. Maji yakanichuruzika shingoni.

Sikuweza kuendelea.

Ndipo nikasikia, kwa shida, kutoka kona ile iliyolegea, sauti ya baba yangu.

"Soma mpaka kwangu."

Nikasoma. "Dereva alimwambia, tulia hapo, nakurudia. Hakurudi. Dereva huyo ni baba yangu mzazi. Jina la askari huyu lilirukwa miaka thelathini. Ninayeandika haya nilimpokea bila kumjua, na sasa namjua."

Hapakuwa na zaidi. Nilifunga kitabu.

Kiganja kilikaa kichwani pangu muda mrefu. Kisha kikawa kizito, kama kitu kisicho na mwenyewe, kikateleza. Baba alianguka upande wa kulia. Nilimdaka tukaenda chini wote wawili, na ndivyo mama alivyotukuta, maana siku hiyo aliruhusiwa mapema.

Aliangalia mkono wa kulia. Aliuinua, akauachia. Ukaanguka.

"Ulikuwa unamsomea nini?"

"Habari za jeshini."

"Alikuwa anatembea," mama akasema. Hakupaza sauti. "Mwanangu, alikuwa anatembea."

Baba akamshika kwa mkono wa kushoto, akamwita kwa lile jina analomwita yeye peke yake. Mama akalia. Lakini kwangu hakugeuka, na mpaka leo tukila hukaa akinipa bega.

Wiki iliyofuata Sajini aliwaita wazee wote ofisini, akausoma ukurasa ule mwenyewe, akiwa amesimama. Alipomaliza alivuka barabara akagonga kwetu. Yeye na baba walikaa saa nzima dirishani. Sikuwasikia wakisema neno, lakini hakuna aliyeondoka.

Nilidhani yameisha.

Baba hakutaka kunyolewa tangu siku ile. Kila nilipoleta wembe aligeuza uso, shavu la kulia likazama kwenye mto, nami nikamwacha, ndevu zikaota ovyo na chafu. Baada ya mwezi nikamwita kinyozi wa mtaani aje nyumbani, mtu wa maneno mengi, ambaye huanza na habari za mpira na kumaliza na siasa. Alimfunga baba kitambaa shingoni, akanyoa shavu la kushoto huku akisimulia jinsi timu yake ilivyofungwa. Mvi zikadondoka kwenye kitambaa, nyeupe kama pamba. Akahamia kulia.

Akanyamaza katikati ya neno.

Aliendelea kunyoa, lakini polepole. Alipomaliza alikunja kitambaa haraka, akakataa chai, akanivuta mpaka uani. Akakifungua. Upande mmoja ulikuwa na mvi. Upande wa pili ulikuwa na nywele nyeusi tititi, laini, chache, kama za mtu anayeanza kuota ndevu.

"Dada," akaninong'oneza, "huku nimemnyoa mzee. Na huku je, nimemnyoa nani?"