Kilio cha Wimbo wa Tano

"Huyo mwanamke anayelia kwenye wimbo wa tano mlimwokota wapi?" msikilizaji alifoka redioni. "Albamu ya kwanza ilikuwa moto. Hii ya pili gita tamu, sauti tamu, halafu mnatuwekea mtu analia kama kabanwa kidole na mlango!"

Chumba kizima cha ushonaji kikaangua kicheko. Mama Pacha, aliyekuwa amesimama juu ya stuli akipimwa pindo la gauni, nusura aanguke.

"Mwambieni ukweli!" alisema. "Mimi nimeusikia asubuhi. Kilio cha kuigiza kile, halafu kaigiza vibaya!"

Pini hakucheka. Jina hilo walimpa kwa tabia yake ya kushika pini mdomoni akipima nguo, na sasa alizitema zote kiganjani ili asikie vizuri. Kilikuwa kipindi cha maoni ya wasikilizaji, na wageni studioni ni wale wawili ambao roki yao ya melodi laini ilikuwa midomoni mwa kila mtu: Koo, mwimbaji, na Nyuzi, mpiga gita. Nyuzi ndiye mchumba wake. Harusi mwezi ujao. Albamu hiyo Nyuzi alimkataza asiisikilize mpaka amletee mwenyewe, eti zawadi.

"Nyuzi, wajibu wasikilizaji," mtangazaji alisema. "Nani analia?"

"Mwigizaji tu, tulimkodi," Nyuzi alijibu huku akicheka. "Tukubali, dada wa watu kazidisha chumvi kidogo."

"Hebu tukisikie kipande hicho."

Gita likaanza polepole, kama mtu anabembeleza mtoto. Kisha ikaingia sauti ya mwanamke, imekatikakatika kwa kwikwi: "Usiniache... nani atanibeba sasa... usiniache..."

Mkasi ukamponyoka mama mdogo, mwenye ofisi. Yeye na marehemu mama yake Pini walikuwa ndugu wa tumbo moja.

"Pini. Hiyo sauti ni yako."

"Najua, mama mdogo."

"Hiyo ni siku ile! Koridoni hospitali! Mimi nimekushika bega, dada yangu yuko ndani, ndiyo kwanza wamemfunika shuka!"

Mama Pacha alishuka kwenye stuli bila kusema neno, jambo ambalo mtaani halijawahi kutokea.

Siku ile Pini alimtumia Nyuzi ujumbe wa sauti. Nyuzi alitokea mazishi yameshapita, akaapa simu ilizima, kwamba angejua angekuja hata kwa kutambaa. Pini alimwamini. Akamsamehe. Tena akamtetea kwa ndugu zake mpaka akagombana nao.

Redioni msikilizaji mwingine alikuwa anashauri: "Huyo dada apewe mafunzo, hajui kulia."

"Shenzi!" Mama mdogo aliifokea redio kana kwamba inasikia. "Wamemtia dada yangu kwenye gita, halafu mtoto wake wanamfundisha kulia!"

"Mama mdogo, nipe simu yako."

"Unampigia nani? Huyo mwendawazimu?"

"Naipigia redio. Si wanataka maoni?"

Simu ikapokelewa. Cherehani zote zikanyamaza.

"Karibu, msikilizaji. Albamu umeionaje?"

"Gita ni tamu," Pini alisema. "Anayesema baya ni mwongo. Koo naye kaimba haswa. Mimi nina neno kuhusu wimbo wa tano."

"Ha! Na wewe kilio kimekukera?"

"Kimenikera sana, kwa sababu ni changu."

Mtangazaji akakohoa. "Una maana gani, dada?"

Pini aliisogeza simu yake mwenyewe karibu na ile ya mama mdogo, akaufungua ujumbe wote, bila gita, bila kukatwa:

"Nyuzi, pokea simu. Mama amekata roho sasa hivi. Mama yangu, usiniache... nani atanibeba sasa... usiniache... Nyuzi, njoo. Nakuomba njoo."



"Pini..." Nyuzi alisema kwa sauti ya chini. "Mpenzi, haya mambo si ya redioni."

"Nani aliyaleta redioni? Mimi?"

"Nilitaka nikueleze. Ujumbe niliupata nimechelewa, simu ilikuwa imezi—"

"Ngoja, ngoja," Koo alimkata. "Wewe si uliniambia ameridhia? Uliposema mwigizaji nikanyamaza, nikajua mmekubaliana asijulikane. Na simu ilizima saa ngapi? Ujumbe uliingia tukiwa tunarekodi! Uliufungulia kwenye spika! Nikakwambia nenda kwa mwenzio, ukasema tumalize kwanza!"

Pini akatafuta kiti kwa mkono.

"Kwa hiyo ulinisikia," alisema. "Nakuita, na unanisikia."

Mtangazaji alikimbilia tangazo la sabuni.

Haikupita saa, Nyuzi akaingia ofisini jasho likimtiririka. Hakuna mteja aliyekuwa ameondoka, hata ambao nguo zao zilikuwa tayari. Kuondoka saa hiyo ungekuwa ujinga.

"Nimekosa, Pini. Shetani alinipitia."

"Usimsingizie, hapigi gita," Mama Pacha alidakia.

"Mama mdogo, nisaidie..."

"Mimi mama yako mdogo tangu lini?"

Pini alinyanyua mkono, wakatulia.

"Sitaki maneno mengi. Uufute wimbo ule mtandaoni, leo hii. Mengine tutaongea baadaye, tukiwa wawili."

"Naufuta. Naapa."

Simu ya Nyuzi ikalia mkononi. Ikalia tena, na tena. Akaichungulia, akasoma, na Pini akaona uso wa mtu aliyetoka kuapa ukianza kuchanua.

"Unasoma nini?"

"Hapana... wasikilizaji. Wamegeuka, Pini! Sikia: 'Kumbe kilio cha kweli! Nimerudia mara kumi nalia mwenyewe.' Huyu anasema ndio wimbo bora kuliko hata albamu ya kwanza. Wanamlilia mama, mpenzi wangu. Tungoje wiki moja tu, halafu—"

"Aaah!" chumba kizima kikaguna.

"Jamani, nishikeni," Mama Pacha alisema. "Nishikeni kabla sijamshona mdomo!"

Pini alivua pete. Ilikwama kidogo kwenye kifundo, akaivuta kwa hasira mpaka ikatoka.

"Shika. Nilidhani siku ile ulikosea. Kumbe ndivyo ulivyo."

"Pini, tulia kwanza..."

"Toka, Nyuzi."

Mama mdogo alimfungulia mlango mwenyewe.

Jioni ujumbe ukaingia kwenye simu ya Pini, kutoka kwa Koo: "Dada, wimbo nimeufuta. Nusu yake ni yangu na mimi nimekataa. Sitaimba naye tena. Pole sana kwa mama, nilipaswa kukuuliza wewe."

Kufika kesho yake wasikilizaji walikuwa wamewaka. Maoni yalishuka kama mvua kwenye ukurasa wa bendi mtandaoni: "Wimbo wa tano uko wapi?" "Mmetuibia!" "Turudishieni kilio chetu!"

*Chetu.* Pini alilisoma neno hilo mara mbili. Akasukuma kando gauni la Mama Pacha, akaandika chini ya maoni yao yote:

"Mnayemtafuta ni mama yangu. Mwacheni alale."